Damu Isiyokoma na Ishara ya Pili

Vitabu vya utabibu huyaeleza magonjwa adimu kwa kuanzia mwisho. Msomaji hukutana kwanza na jina la ugonjwa, kisha kromosomu iliyopungukiwa, kisha dalili zilizopangwa kwa safu, na kila kitu kinaonekana chepesi kwa sababu jibu limetolewa kabla ya swali. Mkunga wa kituo cha afya, tuseme cha Ruziba, kusini mwa Bujumbura kwenye barabara ya kwenda Rumonge, hana bahati hiyo. Yeye huanzia kwenye kitambaa chenye damu. Mtoto ana siku moja au tatu. Kitovu kimefungwa vizuri lakini kinachuruzika tena, au pale alipochomwa sindano pamevimba na kuwa peusi, au kifua kimejaa vidoa vyekundu visivyofifia vinapobonyezwa kwa kidole. Hoja yangu katika sura hii ni kwamba kasoro adimu ya kromosomu inaweza kushukiwa kuanzia hapo hapo, bila mashine ya kusoma kromosomu, endapo mhudumu atajizoeza jambo moja: akiona damu isiyo ya kawaida, atafute mwilini mwa mtoto ishara ya pili isiyohusiana na damu, na akiipata, asiridhike eti kwa kuwa damu imekoma. Nitadai pia kwamba shaka hiyo ina faida kwa mtoto hata kama haitathibitishwa kamwe na maabara yoyote.

Kwanza tuiondoe njiani damu ambayo si ugonjwa, maana ndiyo nyingi. Mtoto wa kike anaweza kutoka damu kidogo ukeni katika wiki ya kwanza, kwa sababu homoni za mama zilizokuwa zikimfikia kupitia kondo zimekatika ghafla. Mama na bibi wakielezwa hivyo, hofu hupungua. Madoa ya rangi ya tofali kwenye nepi mara nyingi ni chumvi za mkojo, wala si damu, na humaanisha mtoto anyonyeshwe zaidi. Mtoto anayetapika damu siku ya kwanza huenda aliimeza ya mama yake wakati wa kuzaliwa, au anainyonya kwenye chuchu iliyopasuka. Mwaka 1955 daktari wa Marekani, Leonard Apt, alieleza kipimo cha kutofautisha: damu huchanganywa na maji, kisha huongezwa sodiamu hidroksidi, hemoglobini ya mtu mzima hugeuka kahawia inayoelekea manjano, ile ya mtoto hubaki na rangi ya waridi. Hakuna mashine wala umeme unaohitajika.

Inayofuata ni damu ya upungufu wa vitamini K, na hii haipaswi kuruka nafasi yake kwenye foleni hata siku moja. Charles Townsend wa Boston aliandika mwaka 1894 juu ya watoto wachanga 50 waliotoka damu bila jeraha la kueleweka. Ikapita karibu nusu karne kabla ya Henrik Dam na Edward Doisy kupewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1943 kwa kazi yao juu ya vitamini hiyo. Mtoto huzaliwa na akiba ndogo mno, na maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, hayaijazi akiba hiyo haraka. Asipochomwa sindano, anaweza kutoka damu kati ya siku ya pili na ya saba. Au baadaye, kati ya wiki ya pili na ya kumi na mbili, na hapo damu huvujia ndani ya kichwa mara nyingi kuliko inavyostahimilika kusimuliwa. Ipo pia ile ya saa 24 za kwanza, inayowapata zaidi watoto ambao mama zao walikuwa wakinywa dawa za kifafa, au rifampisini ya kifua kikuu. Kwa hiyo swali la kwanza huelekezwa kwa mama, kuhusu dawa alizotumia. Miligramu 1 ya vitamini K hudungwa baada ya kuzaliwa, na mtoto ambaye tayari anatoka damu hupewa papo hapo bila kusubiri majibu yoyote. Tiba hiyo ni kipimo pia: damu iliyotokana na upungufu wa vitamini K hutulia ndani ya saa chache. Isipotulia, au ikiwa tangu mwanzo ilijitokeza kama vidoa vidogo vya ngozini, tatizo liko kwingine.

Mwili una njia mbili za kuzuia damu isitoke, na kila moja huharibika kwa sura yake. Vitamini K hutumika kutengeneza protini zinazogandisha damu. Zikikosekana, damu huvuja kwa wingi, hujikusanya chini ya ngozi ya kichwa, hutoka kitovuni na tumboni. Njia nyingine ni chembe sahani, vipande vidogo vya seli vinavyozunguka katika damu na kukimbilia penye ufa wa mshipa ili kuuziba. Hizi zikiwa chache au dhaifu, ndipo vinapoonekana vile vidoa vyekundu, michubuko isiyo na sababu, na tundu la sindano lisilofunga. Mtoto mchanga, kama mtu mzima, anapaswa kuwa na chembe sahani kati ya 150,000 na 450,000 katika kila maikrolita ya damu. Kupungua chini ya hapo si ajabu kubwa: hutokea kwa mtoto mmoja hadi watano katika kila 100, na kwa wale waliolazwa katika vyumba vya uangalizi maalumu huweza kufikia robo yao au zaidi. Sababu zilizo nyingi ni za kawaida. Upungufu mdogo ndani ya saa 72 za mwanzo kwa mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo, ambaye mama yake alikuwa na shinikizo la damu la ujauzito, kwa kawaida hupona wenyewe. Unaoanza baada ya saa 72 kwa mtoto aliyelegea na asiyetaka kunyonya uchukuliwe kuwa ni maambukizi ya damu mpaka ithibitike vingine. Wapo pia watoto ambao kingamwili za mama zimevuka kondo na kuharibu chembe zao. Hao wanaweza kuwa na afya njema kwa kila hali nyingine.

Ni baada ya kuyapitia haya ndipo kromosomu zinapoingia mazungumzoni. Mwaka 1973 mtafiti wa Denmark, Petrea Jacobsen, alieleza familia moja ambayo ndani yake kipande cha kromosomu ya 11 na kipande cha kromosomu ya 21 vilikuwa vimebadilishana nafasi. Mzazi aliyebeba mabadilishano hayo alikuwa mzima, kwa kuwa hakupungukiwa na chochote. Lakini watoto waliorithi upande mmoja tu walikuwa wamepoteza ncha ya mkono mrefu wa kromosomu ya 11. Leo hali hiyo huitwa sindromu ya Jacobsen, na hukadiriwa kumpata mtoto mmoja katika kila 100,000, wa kike mara mbili zaidi ya wa kiume. Kipande kinachopotea huwa kati ya herufi milioni 7 na milioni 20 za DNA, na ndani yake kuna jeni iitwayo FLI1, ambayo uboho huihitaji ili kukuza chembe sahani. Karibu watoto wote wenye sindromu hii huzaliwa na chembe sahani chache na zenye kasoro. Zaidi ya nusu wana moyo ulioumbwa vibaya. Paji la uso linaweza kuchongoka katikati, macho yakawa yameachana, kope zikalegea, masikio madogo yakakaa chini, vidole vikaungana, korodani za mtoto wa kiume zikawa hazijashuka. Mtoto mmoja katika kila watano hufariki kabla ya kutimiza miaka 2, mara nyingi kwa sababu ya moyo, na mara chache zaidi kwa sababu ya damu.

Jambo ambalo wengi hulipita haraka katika ugonjwa huu lilielezwa Paris, katika hospitali ya Trousseau, katika miaka ya 1990. Jacqueline Breton-Gorius na Rémi Favier na wenzao walionyesha kwamba baadhi ya chembe sahani za wagonjwa hawa zina vifuko vikubwa kupita kiasi, ambavyo haviachilii vilivyomo pale mshipa unapopasuka. Mtoto anapokua, mara nyingi idadi ya chembe hupanda, hata ikafika 150,000 na kupita. Familia hufurahi, na daktari aliye na haraka huandika kwamba amepona. Lakini chembe hizo bado ni dhaifu. Kutegemea idadi peke yake ni kama kuhesabu mitumbwi iliyoegeshwa ufukweni ili kujua ndagala watakaofika soko la Ruziba: mtumbwi bila nyavu unahesabika kama mwingine. Somo kwamba namba si kila kitu limepata uzito kutoka upande wa pili pia. Jaribio lililochapishwa mwaka 2019, lililofanyika Uingereza, Ireland na Uholanzi kwa watoto njiti 660, lilipima kama ni heri kuwaongezea chembe sahani zikishuka chini ya 50,000 au kusubiri zishuke chini ya 25,000. Waliotiwa mapema ndio waliokufa au kutoka damu nyingi zaidi: asilimia 26 kwa 19. Watoto wale hawakuchaguliwa kwa kuwa na kasoro za kromosomu, na jaribio hilo halimwambii mtu jinsi ya kumtibu mtoto wa Jacobsen. Linachoonyesha ni kwamba kati ya namba ya maabara na damu inayotoka kuna umbali mkubwa, na umbali huo haujazwi kwa kuangalia karatasi pekee.

Sindromu ya Jacobsen haiko peke yake. Kukatika kwa kipande kidogo cha kromosomu ya 22, kunakompata mtoto mmoja hivi katika kila 4,000, huleta moyo wenye kasoro, kalsiamu iliyoshuka hadi mtoto akapata degedege, na mara nyingi chembe sahani kubwa kuliko kawaida na chache kidogo, kwa sababu moja ya jeni zinazopotea ndiyo inayotengeneza sehemu ya mshiko wa chembe hizo. Watoto wenye kromosomu ya ziada ya 13, 18 au 21 mara nyingi huzaliwa na chembe sahani pungufu. Na katika sindromu ya Down, ambayo ndiyo hiyo ya kromosomu ya 21 ya ziada, mtoto mmoja hivi kati ya kumi huwa na seli changa za damu zinazofanana na za saratani ya damu, ambazo kwa wengi hutoweka zenyewe katika miezi michache. Ipo hali ambapo mfupa mmoja wa mkono, ule wa upande wa kidole gumba, haupo kwa pande zote mbili, ingawa kidole gumba chenyewe kipo. Chembe sahani za watoto hao huwa chache sana mwaka wa kwanza, na katika karibu wote kipande cha kromosomu ya 1 kimepotea. Na kuna hali moja inayonivutia kuliko zote kwa jinsi inavyofikiriwa. Himofilia, ugonjwa wa kurithi wa damu isiyoganda vizuri, hubebwa na kromosomu ya X, kwa hiyo huwapata wavulana, ambao wana X moja tu. Msichana ana mbili, na ile nzima humkinga. Basi msichana mchanga akionekana na himofilia kali, miguu na mikono imevimba, ngozi ya shingo imelegea, inabidi kuuliza kama kweli ana X mbili. Huenda ana moja tu, ambayo ndiyo sindromu ya Turner. Hapa damu inasema jambo juu ya kromosomu ambalo uso wa mtoto pengine usingelisema kwa miaka.

Nasema uso kwa makusudi, kwa kuwa mazoea ya kutambua sindromu kwa sura ndiyo yanayofundishwa zaidi, na kwa watu wetu ndiyo yanayokosea zaidi. Picha zilizojaza vitabu hivyo kwa miongo ni za watoto wa Ulaya na Amerika Kaskazini. Daraja pana la pua, ambalo kitabu hulitaja kama dalili, kwa mtoto wa Bujumbura linaweza kuwa ni la baba yake tu. Mwaka 2017 Aimé Lumaka wa Kinshasa na wenzake walichapisha jaribio la programu ya kompyuta inayotambua sindromu kutoka kwenye picha. Kwa watoto wa Kizungu wenye sindromu ya Down, programu iliipata kwa asilimia 80. Kwa watoto wa Kikongo, asilimia 36.8. Programu ilipofundishwa kwa nyuso za Kiafrika, ikapanda hadi asilimia 94.7. Ikiwa Down, inayojulikana kuliko zote, inapotea kiasi hicho, Jacobsen itaonwa na nani? Ndiyo maana naona ishara ya pili itafutwe kwanza mahali ambapo asili ya mtu haibadilishi maana: sauti ya ziada katika mapigo ya moyo, midomo inayobadilika kuwa ya bluu wakati wa kunyonya, vidole vilivyoungana, mkono uliopungukiwa mfupa, korodani zisizoshuka, fuvu lenye mgongo katikati ya paji, degedege la kalsiamu. Uso uangaliwe pia, lakini uangaliwe ukiwa umewekwa kando ya uso wa mama na wa baba.

Kuna chombo kingine ambacho kipo tayari na hakitumiki kwa kazi hii. Burundi ni nchi ya malaria, na hadubini na rangi ya Giemsa si vitu vigeni katika vituo vyake vya afya. Tone nene ndilo linalotafutwa kwa vimelea. Lakini tone jembamba, likipakwa vizuri kwenye kioo na kutiwa rangi hiyo hiyo, huonyesha chembe sahani. Kanuni ya wataalamu wa maabara ni kwamba kila chembe moja inayoonekana kwa wastani katika uwanja wa lenzi ya mafuta husimama kwa takriban 15,000 hadi 20,000 katika maikrolita. Kwa hiyo mtaalamu akihesabu nyanja kumi na kupata wastani wa chembe mbili, mtoto ana upungufu mkubwa, na hakuna mashine iliyohitajika kulisema hilo. Hata mashine ikiwepo, jicho bado lina kazi, maana chembe kubwa kupita kiasi huweza kuhesabiwa na mashine kama seli nyekundu, na jibu likatoka na makosa. Chembe kubwa, zenye punje nene ndani yake, kwa mtoto mwenye moyo unaovuma, ni taarifa nzito kuliko namba yoyote iliyochapishwa kwenye karatasi.

Pingamizi la kwanza linajulikana na lina haki ya kusikilizwa: mtoto mmoja katika 100,000! Burundi huzaliwa watoto zaidi ya 400,000 kwa mwaka, kwa hiyo nchi nzima ingepata wanne au watano, na mkunga wa Ruziba anaweza kustaafu bila kumwona hata mmoja. Je, si upotevu kumfundisha hayo katika nchi ambayo maambukizi na uzito mdogo bado vinaua wengi? Jibu langu ni kwamba hafundishwi sindromu ya Jacobsen; anafundishwa mazoea ya kuangalia mara ya pili, na mazoea hayo hunasa mengi. Kwa makadirio yale yale, kipande kilichokatika kwenye kromosomu ya 22 kingekuwa kwa watoto wapatao 100 kwa mwaka, na sindromu ya Down kwa mamia. Zaidi ya hapo, ishara ya pili si lazima iwe ya kromosomu. Vidoa vya damu pamoja na ini na bandama vilivyovimba, na ngozi inayobambuka viganjani na nyayoni, ni kaswende ya kuzaliwa nayo, ambayo penisilini huitibu. Vidoa vya damu pamoja na mtoto baridi anayekataa titi ni maambukizi, na kila saa ina thamani. Mhudumu anayemvua mtoto nguo zote na kumchunguza kuanzia utosini hadi nyayo kwa sababu ameona damu, hata akikosea juu ya kromosomu, atakuwa amepata lile linalotibika. Na nafasi ya kufanya hivyo sasa ipo. Tangu Mei 2006 huduma za kujifungua na za watoto chini ya miaka 5 zilitangazwa kuwa bure katika vituo vya umma. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2010 ulikuta asilimia 60 ya watoto wanazaliwa katika vituo vya afya, na ule wa 2016–17 asilimia 84. Mtoto anazaliwa mbele ya macho yaliyofundishwa. Kilichobaki ni macho hayo yafundishwe nini.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi: hata tukishuku, tutathibitisha vipi, na tukithibitisha, tutatibu nini? Kipimo cha kromosomu hakifanywi katika kituo cha afya popote duniani. Kinahitaji seli nyeupe zilizo hai, zikuzwe maabara kwa siku kama tatu. Damu iliyokaa njiani muda mrefu, katika joto, haifai. Nchi jirani ya Rwanda imejenga uwezo huo kwa zaidi ya miaka kumi kupitia kazi ya Léon Mutesa na wenzake katika chuo kikuu cha huko, lakini Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, na ukaribu wa ramani si ukaribu wa barabara. Tena kipimo chenyewe kina mipaka: kasoro ya ukubwa wa ile ya Jacobsen huonekana chini ya hadubini nzuri, ila ile ya kromosomu ya 22 ni ndogo mno na hupita bila kuonekana, hivyo majibu ya kawaida hayafuti shaka. DNA iliyohifadhiwa katika chupa yenye EDTA hukaa muda mrefu kuliko seli hai, na vipimo vipya huitumia. Hiyo ni sababu nzuri ya kuchukua damu mapema, kabla mtoto hajaongezewa ya mtu mwingine.

Lakini hata bila kuthibitisha, shaka hubadilisha mambo ya siku ile ile. Mtoto anayeshukiwa hupelekwa kusikilizwa na kupigwa picha ya moyo katika hospitali kubwa za mji, Prince Régent Charles au Kamenge, badala ya kurudishwa nyumbani kwa sababu kitovu kimekauka. Akihitaji upasuaji, wa moyo au wa mlango wa tumbo ulioziba, daktari ataandaa chembe sahani kabla ya kisu, akijua kwamba hizo huishi siku tano tu nje ya mwili na hazikai kwenye friji. Asipozipata, ataomba damu mbichi isiyotenganishwa. Hatapewa aspirini wala ibuprofeni. Chanjo zake zote atapata, kwa sindano nyembamba, na pale alipochomwa patabonyezwa dakika kadhaa bila kusuguliwa. Na kuna visu vingine nje ya hospitali. Kukatwa kilimi, desturi inayojulikana katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki na ya Kati mtoto anapokohoa au kukataa titi, kwa mtoto huyu kunaweza kuwa ni kifo, na mtoto wa Jacobsen hunyonya kwa shida tangu mwanzo, kwa hiyo ndiye hasa atakayedhaniwa ana kilimi. Familia za Kiislamu zitauliza kuhusu tohara. Jibu ni kungoja, na ikifanyika ifanyike hospitalini, damu ikiwa imepimwa na mpasuaji akiwa amearifiwa. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji jina la kromosomu. Mengi hayahitaji hata fedha.

Pingamizi la tatu halitoki kwa madaktari. Mtoto aliyepewa jina la ugonjwa wa kuzaliwa nao hubeba jina hilo mtaani, na mama hubeba zaidi: alikula nini, alimkosea nani, ukoo wake una nini. Ni kweli kwamba neno likisemwa vibaya linaweza kuvunja nyumba. Kwa hiyo mhudumu asiseme asilolijua. Aseme kwamba damu ya mtoto haizibi upesi na moyo wake unahitaji kuangaliwa. Lakini kunyamaza kabisa hakumwokoi mama, kwa maana kimya nacho hujazwa, na hujazwa na majirani. Na hapa sayansi ina neno la kumtetea. Takriban asilimia 85 ya kasoro za Jacobsen ni mpya, zimetokea kwa bahati wakati mbegu au yai linaumbika au muda mfupi baadaye, na wazazi wote wawili hawana kasoro yoyote. Waliobaki wengi wana mzazi aliyebeba mabadilishano kama ya ile familia ya Denmark, na mzazi huyo anaweza kuwa baba. Kama siku moja kipimo kitapatikana, basi kipimwe kwa wote wawili, kwa kuwa jibu lake ndilo litakalowaambia hatari ya mimba ijayo. Na mkwe asiyetaka kusikia kwamba mwanawe naye apimwe ni tatizo ambalo mkunga atalazimika kulipangia muda.

Kilicho muhimu kuliko mazungumzo yote hayo ni maandishi kwenye daftari la kliniki la mtoto, maana mtoto atahama, kituo kitabadilisha wahudumu, na petroli ikikosekana mjini atapelekwa palipo karibu, si pale anapojulikana. Maandishi yenyewe ni mistari minne: alitoka damu siku fulani licha ya vitamini K, chembe sahani zilikuwa kiasi hiki, kubwa kuliko kawaida, ana dalili hizi nyingine, asifanyiwe upasuaji, asing'olewe jino wala kutahiriwa bila kwanza kuandaliwa chembe sahani. Na mstari wa nne usifutwe anapotimiza miaka 6 na jino la kwanza kuanza kulegea, hata kama hesabu ya asubuhi hiyo imesoma 200,000.